Nailoni Isivuliwe

Walipoziba kivuko cha reli kwa ukuta, hakuna aliyewauliza wenye miguu mibovu. Zamani ukitaka kwenda ng'ambo, kwenye soko na zahanati, ulisimama, ukatazama kushoto na kulia, ukavuka. Stesheni ilipoanza kuboreshwa wakaja watu wenye kofia ngumu, wakajenga ukuta mrefu, wakaupaka rangi ya maziwa, na juu ya reli wakalaza daraja la waendao kwa miguu, lenye ngazi ndefu kila upande. Kando ya ngazi, huku na kule, wakasimamisha mnara wenye mlango wa chuma unaong'aa. Hizo ni lifti, wakasema, za wazee, wajawazito na walemavu. Wazee wakaambiwa wasubiri uzinduzi.

Bibi alikuwa mmoja wa waliosubiri. Kisukari kilikuwa kimemtoboa unyayo wa mguu wa kulia, na muuguzi wa zahanati ya ng'ambo alisema waziwazi kwamba kidonda kisafishwe pale kila juma bila kukosa, la sivyo kitapanda. Kitapanda hadi wapi hakusema, lakini Bibi alikuwa amewaona waliokatwa. Kuzunguka kwa teksi hadi daraja la magari ilikuwa safari ya nusu ya mji, na nauli yake ilikula sufuria nzima. Kwa hiyo matumaini yote yaliwekwa kwa mkwe wake, mume wa binti yake, maana ndiye aliyekuwa na funguo za lifti.

Kinyozi wa jirani alimbandika jina la Meneja. Ilikuwa kejeli, lakini mwenyewe alilipokea kama cheo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha lifti hazigusiki. Milango yote ilikuwa bado imefunikwa nailoni iliyokuja nayo kutoka kiwandani, na agizo lilikuwa moja tu, nailoni isivuliwe mpaka mgeni rasmi aje. Agizo hilo lilimkuta mtu aliyezaliwa kwa ajili yake.

Nyumbani kwake makochi yalikuwa bado yana nailoni ya dukani. Rimoti ya televisheni ilivishwa mfuko na kufungwa mpira. Kwa Meneja kutunza kitu maana yake ilikuwa kutokitumia. Bibi, aliyeshinda kwenye kochi refu mguu ukiwa juu ya mto, aligandana na ile nailoni kwa jasho, na kila alipogeuka ililia chini ya mgongo wake.

"Leo ni siku ya zahanati," Bibi alisema asubuhi hiyo, akiitazama dari.

Meneja alikuwa anafunga vifungo vya shati la sare. "Mama, hili tulishalizungumza. Uzinduzi umekaribia."

"Ulikuwa umekaribia mwezi uliopita."

"Uliahirishwa. Mgeni rasmi alipata safari."

"Na mguu wangu nao niuambie uahirishe kuoza?"

Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akiunga kola za sare za shule. Mtaani walimwita Fundi. Aliisimamisha cherehani kwa kiganja. "Mpe mama nauli ya teksi."

"Nani anayechoma pesa kwenye teksi wakati lifti iko hapo nje?"

"Basi mfungulie. Si unalala nazo hizo funguo?"

"Nikifungua kabla ya uzinduzi, nafukuzwa leo hii. Unataka turudi kule tulikotoka?"

"Kule nilikokuwa nakulisha?" Fundi alicheka bila furaha. "Mimi sijaondoka kule, bwana wewe. Hilo shati unalojifungia kifua mbele, vifungo vyake ni vya nani?"

Meneja alikifunga kifungo cha mwisho. Ni kweli alikuwa ameishi kwa cherehani ya mke wake mpaka akasahau ladha ya kununua mkate mwenyewe, na ile sare ilikuwa imemrudishia uso. Mtu aliyerudishiwa uso hawi mwepesi wa kuutoa tena, hata kwa mguu wa mama mkwe.

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Bibi alisema. "Mimi la mkuu wako wa stesheni nimelisikia, nikalitii, na guu ndilo hilo."

Fundi aliacha kola zake, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akafungua bandeji. Harufu ilisambaa chumbani. Tone la usaha likaangukia kochi, na Meneja, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi, akachukua kitambaa, akaifuta nailoni mpaka ikang'aa. Kisha ndipo akauliza, "Unaendeleaje, mama?" Bibi akageuza uso ukutani.

Stesheni yenyewe ilikuwa imeboreshwa, nani atabisha. Mabenchi mapya yalikuwa na vyuma katikati ili maskini asijinyooshe. Saa zilikuwa mbili, kubwa, na kila moja ilikuwa na majira yake. Kibao cha choo kilikuwa na mshale mzuri ulioelekeza ukutani. Spika mpya zilikoroma matangazo, abiria wakabaki kuulizana "Kasema nini?" hadi treni ikaondoka. Treni hazikuongezwa. Zile zilezile za zamani zilipakwa rangi, na watu waliendelea kushindiliana ndani yake kila asubuhi, wakishuka na vifungo pungufu, wakilipa nauli iliyopandishwa kwa sababu ya vigae vipya.

Katika yote hayo, uongo mkubwa ulikuwa lifti ya upande wa zahanati. Haikuwepo. Mlango wa chini ulikuwa umepachikwa tu kwenye zege. Wa juu, ule wa darajani, uliweza kufunguka kwa ufunguo, na ukiufungua ulitazamana na shimo tupu, chini kabisa kukiwa na mifuko chakavu ya saruji na maji ya mvua. Meneja alilijua hilo tangu siku alipokabidhiwa funguo. Alifungua ili afagie, akarudi nyuma, akashika ukuta.

"Pesa ya lifti ya pili imechelewa," mkuu wa stesheni alimwambia siku ile. Alikuwa mwanamama wa sauti ya upole ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia. "Itakuja. Wewe linda mlango, nailoni isivuliwe, na mdomo wako ufunge. Mwisho wa mwaka nitakutazama kwenye ajira ya kudumu."

Meneja akafunga mdomo. Mwanzoni ulimwasha, kisha akazoea, na kadiri alivyoifuta vumbi ile nailoni ndivyo alivyoanza kuamini kwamba nyuma yake kuna kitu. Watu humsamehe mtu wa namna hiyo wakisema aliogopa. Sawa, aliogopa. Lakini kila juma alirudi nyumbani akamwambia mwenye kidonda asubiri, na mwenye kidonda akasubiri.

Sasa mkuu wa stesheni alimwita tena ofisini. Uzinduzi ulikuwa kesho, safari hii kweli. Vitambaa vya mapambo vilikuwa vimekwishafika.

"Nasikia mama mkwe wako hatembei."

"Anatembea kidogo, mama."

"Kidogo hakufai kwenye picha. Kiti cha magurudumu nimeazima mahali. Mlete, avae vizuri. Mgeni rasmi atamsukuma mwenyewe, watapanda, watapigwa picha darajani, basi."

"Atashukia wapi?"

"Alikopandia. Kwani kuna nini?"

"Zahanati yake iko ng'ambo, mama. Akishafika juu atataka kwenda..."

"Nimekuuliza habari za zahanati mimi?" Sauti ilikuwa ileile ya upole. "Kuna kijana wa dada yangu hana kazi. Anaweza kulinda mlango vizuri tu."

Meneja akasema ndiyo, mama.

Jioni hiyo aliingia nyumbani na mkate mkubwa, akauweka mezani mahali unapoonekana. Akaeleza habari yake akiwa amesimama. Bibi amechaguliwa. Bibi atakuwa mtu wa kwanza kupanda lifti, na mgeni rasmi mwenyewe ndiye atakayemsukuma.

"Na ng'ambo atashuka?" Fundi aliuliza.

Meneja aliinama akanyoosha nailoni iliyojikunja kwenye mkono wa kochi. "Lifti si ni mbili?"

Ilikuwa swali tu, na alijiambia kwamba swali si uongo. Bibi alijiinua kwa viwiko, akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Baba," alisema, "nimekusema vibaya sana humu ndani. Usiweke moyoni."

"Hakuna shida, mama."

"Nitapita zahanati palepale, baada ya picha. Kadi yangu iko wapi?"

Fundi akaitafuta kadi ya zahanati, akaitia kwenye mkoba wa mama yake. Ndani ya kopo la vifungo alikuwa amedunduliza nauli ya teksi ya kesho yake, kidogokidogo, bila kumwambia mumewe, nayo ilikuwa imetimia jioni hiyo tu, maana alikuwa ameapa juma halitapita tena hivihivi. Sasa akazitoa zile pesa, akaenda dukani kununua uzi wa sare zilizokuwa zimekwama. Meneja alimwona akizitoa, akaelewa zilikuwa za nini. Alikata mkate, akala, akakata kipande kingine.

Asubuhi Bibi alivaa gauni lake la bluu. Kiti cha magurudumu kilikuwa na maandishi mgongoni ya jina la walikokiazima, kwa hiyo mkuu wa stesheni akaagiza kifunikwe shali. Tarumbeta zilipigwa. Mgeni rasmi alifika kwa gari, si kwa treni, akakata utepe, akahutubia juu ya kumjali mnyonge, na mnyonge akaketi mbele yake juani huku nzi wakiifuata bandeji. Fundi alisimama nyuma ya kiti akiwafukuza kwa mkono. Mpiga picha mmoja akamwomba amfunike mama mguu, kwa kuwa unaharibu picha.

Ndipo nailoni ikavuliwa. Mgeni rasmi aliichana mwenyewe, watu wakapiga makofi, na Meneja, amini usiamini, aliiokota akaikunja vizuri. Nyuma ya mnara jenereta la kukodi likanguruma. Mlango ukafunguka. Wakaingia mgeni rasmi, Bibi kwenye kiti chake, mkuu wa stesheni na mpiga picha, nayo lifti ikapanda. Fundi akapanda kwa ngazi, mbiombio, asimwache mama yake.

Juu, picha zilipigwa nyingi. Mgeni rasmi aliinama, akauweka mkono begani kwa Bibi.

"Umefurahi, bibi?"

"Nitafurahi nikifika ng'ambo," Bibi alijibu.

Kila mtu akacheka, wakidhani ni mzaha. Kisha wakubwa waliokuwa wamepanda ngazi wakatokea wakihema, wote wakataka kushuka na lifti, ikajaa. "Bibi atafuata awamu ya pili," mkuu wa stesheni alisema kwa upole wake, mlango ukafungwa. Awamu ya pili haikuja. Wenye jenereta walikuwa wamekodiwa kwa saa za sherehe tu, na walipoona magari ya wakubwa yanaondoka, wakazima, wakaanza kuzungusha nyaya.

Fundi hakujali. Alikuwa na mama yake juu ya daraja, ng'ambo ilikuwa pale mbele, na bati la zahanati lilionekana. Alikisukuma kiti mpaka mwisho wa daraja, kwenye mlango wa pili. Huo ulikuwa bado una nailoni. Akabonyeza kitufe juu ya nailoni, kisha akaichana nailoni, akakibonyeza tena. Kitufe kikaingia ndani na hakikurudi.

Meneja alikuja akikimbia, kofia mkononi. Alikuwa amesikia jenereta likizimwa, akajua wataelekea mlango gani.

"Tumrudishe mama upande wetu," alisema. "Umeme umekatika. Nitaomba watu tumbebe."

"Lete funguo."

"Hazisaidii kitu kama hakuna umeme."

"Nimesema lete funguo."

"Mke wangu, usifungue huo mlango."

Hapo Fundi akamtazama. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemsikia mumewe akijisifu, akilalamika, akinung'unika, lakini sauti hii ya kuomba hakuwa ameisikia. Alinyoosha mkono akazichomoa funguo kiunoni mwake, naye hakumzuia. Ufunguo ulizunguka. Mlango ukasukumika pembeni, na Meneja akarukia kiti cha magurudumu, akakishika kwa mikono miwili kisisogee.

Upepo wa baridi wenye harufu ya maji yaliyolala ukawapiga usoni. Fundi alichungulia chini. Bibi naye alishika mikono ya kiti, akaegemea mbele, akachungulia kwa muda mrefu kuliko binti yake.

"Ulijua," Fundi alisema.

Meneja alikuwa bado ameshika kiti.

"Tangu lini?"

"Pesa ilichelewa. Mkuu alisema itakuja."

"Sijakuuliza mkuu alisema nini. Jana nilitoa nauli ya teksi kwenye kopo, ukiniona. Ulijua?"

"Nilijua."

Fundi aliufunga mlango, akazirudisha funguo mfukoni mwa mumewe kwa nguvu hata mfuko ukachanika mshono. Mshono huo aliushona yeye mwenyewe. Hakupiga kelele, wala hakulia, ingawa alitamani vyote viwili. Wakati huohuo mhudumu mmoja wa stesheni akapanda ngazi, akasema kwa aibu kwamba kiti cha magurudumu kinadaiwa, wenyewe wamekuja kukichukua.

"Kichukue," Bibi alisema. Akasimama kwa mguu mmoja, akashika reli ya daraja. "Wewe, mkwe. Inama."

"Mama?"

"Zahanati ni kule. Lifti ni wewe. Inama nipande."

Mkwe na mama mkwe hawagusani ovyo, hata pale penye amani, na hapa hapakuwa na amani. Meneja aliinama. Bibi alimkumbatia shingo kutoka nyuma, gauni la bluu likapanda magotini, na bandeji ikagusa shati la sare. Wakaanza kushuka. Ngazi za zege zilikuwa nyembamba na zimejaa watu waliotoka sokoni na mizigo. Wengine walipisha. Mmoja alisema kwa sauti, "Hiyo ndiyo lifti inayofanya kazi," na kicheko kikashuka nao hadi katikati.

Bibi alisemea sikioni mwake, polepole.

"Asubuhi ulinitazama nimevaa gauni hili."

"Ndiyo, mama."

"Ukanitazama nikishika mkoba wenye kadi."

"Ndiyo, mama."

"Ukafanyaje?"

Meneja alisimama apumue. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifuta.

"Nimekuuliza."

"Nikanyamaza, mama."

"Haya, shuka."

Zahanati ilikuwa imejaa. Kwenye mabenchi ya mbao waliketi wenye magongo, wenye vidonda, mwanamke mjamzito aliyevimba miguu, mzee aliyeshikwa mkono na mjukuu. Muuguzi alimlaza Bibi kwenye kitanda nyuma ya pazia lililokuwa fupi, akafungua bandeji, akakiinamia kidonda. Akaita jina la dawa, akabadili mawazo, akaivua glavu.

"Mlikuwa wapi muda wote huu?"

"Tulikuwa tunasubiri lifti," Fundi alisema.

"Kidonda kimefika vidoleni, na hivi viwili haviponi. Nitawaandikia, kesho aende hospitali kubwa vikatwe. Mkichelewa tena, vitachukua mguu." Muuguzi hakuwa mkali, alikuwa amechoka. Alivaa glavu nyingine, akaosha kidonda taratibu, akafunga bandeji mpya. Alipoinua macho akaiona nembo kwenye shati la Meneja, uso ukamchangamka kidogo. "Kumbe wewe ni wa stesheni. Nimesikia tarumbeta. Hebu tusaidie, ndugu yangu. Upande wetu huu inafunguliwa lini? Wagonjwa wangu wengi wamelala majumbani wanaisubiri."

Pazia lilikuwa fupi na chumba kilikuwa kidogo. Kwenye mabenchi watu waligeuka. Mzee mwenye mjukuu alitega sikio kwa kiganja. Meneja aliona wanamtazama vile ambavyo amekuwa akitaka watu wamtazame tangu alipovaa hilo shati, kama mtu mwenye jibu. Angeweza kusema karibuni hivi. Lilikuwa neno jepesi na alikuwa ameshalizoea. Alimtazama mkewe, naye alikuwa anatazama sakafu.

"Upande huu hakuna lifti," alisema. "Ni mlango tu. Nyuma yake ni shimo."

"Eti nini?" mzee aliuliza.

"Hakuna lifti, mzee. Haijawahi kuwepo. Msisubiri."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mjamzito alitazama miguu yake. Mtu mmoja akasonya, na msonyo ulikuwa mrefu. Meneja alijua kwamba kabla jioni haijaingia maneno hayo yatakuwa yamevuka reli, na kwamba kesho kijana wa dada yake mkuu wa stesheni atapimwa shati.

Bibi alikuwa amejiinua kitandani, akiutazama mguu wake ndani ya bandeji nyeupe.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," alisema. "Na mimi nilidhani ni mzigo usiobebeka, kwa jinsi ulivyokuwa unaubana. Ungeyasema siku ile pale kwenye kochi, leo ningekuwa na vidole vyangu."

Meneja alifungua mdomo aombe radhi. Bibi akamkatiza kwa kiganja.

"Usiniongezee. Mengine utaniambia njiani, ngazi ni ndefu." Akashusha mguu mzima chini, akanyoosha mikono. "Inama nipande."